Sifa Yenye Mikono

Leo tutachukua neno moja tu la Kiingereza, tulipasue kama dafu, tuone ndani mna nini. Neno lenyewe ni "magnificent". Litamke pamoja nami: mag-NI-fi-senti, mkazo uko silabi ya pili. Wanafunzi hulikuta vitabuni, watangazaji wa mpira hulipigia kelele bao linapoingia, na watalii hulitamka wingu linapofunguka na Kilimanjaro ikajitokeza. Sisi tukiulizwa maana yake, tunajibu upesi: "nzuri sana."

Hata mimi nimewahi kujibu hivyo, tena mbele ya mtu ambaye jibu halikumtosha. Nisikilize nikusimulie.

Ilikuwa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye karakana ya fundi wa milango ya nakshi. Nilikuwa nimefuatana na mgeni asiyejua Kiswahili. Fundi, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Mbele yake umelazwa mfaa, ule mti mrefu unaosimama katikati ya mlango, pale pande mbili zinapokutana. Patasi iko mkono wa kushoto, nyundo ya mti mkono wa kulia. Alikuwa akichonga mnyororo, pete baada ya pete, toka juu hadi chini. Anagonga mara tatu, anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba ndani ya mfuo kuona kama kina kimelingana, kisha anagonga tena. Pembeni yake kijana mmoja alikuwa akipiga msasa miimo ya mlango uleule. Mgeni wangu alisimama kimya muda mrefu, kisha akatamka neno moja tu: "Magnificent."

Fundi akainua uso. "Kasema nini huyu mgeni?"

"Anasema ni mzuri sana, mzee wangu."

"Nini kizuri? Mti?"

"Mlango wote, mzee."

Akarudi kwenye patasi yake. Baada ya kitambo akasema, taratibu, bila ukali wowote: "Mti mzuri kaumba Mungu. Muulize, kazi kaionaje?"

Sikuwa na jibu. Lakini usiku ule nilifungua kamusi, na nikagundua kwamba mgeni alikuwa ameshalijibu swali la fundi kabla halijaulizwa. Lililopungua ni tafsiri yangu. Neno lile lina kazi ndani yake, na mimi niliitoa kazi nikabakisha uzuri.

Hebu tulipasue sasa. "Magnificent" limetoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na limeundwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni "magnus", yaani -kubwa, -kuu. Cha pili kinatokana na kitenzi "facere", yaani kufanya, kutenda. Viunganishe, unapata "magnificus": mwenye kutenda makuu. Kwa hiyo sifa hii, tangu ilipozaliwa, ilikuwa sifa ya mtu na tendo lake. Kiingereza kiliwapokea ndugu wa ukoo huu katika karne ya 14 na ya 15, kupitia Kifaransa na Kilatini cha wasomi, kikaanza kuwatumia kwa wafalme, kwa karamu na kwa majengo.

Linganisha na majirani zake. Kuna "splendid", ambalo mzizi wake ni kung'aa. Kuna "majestic", ambalo ni la enzi na ufalme. Kuna "grand", ambalo ni la ukubwa. Yote hutumika kusifia kitu kinachomfanya mtu asimame atazame, na kamusi za haraka huyafasiri yote kwa namna moja. Ila "splendid" linasifu mng'ao, "majestic" linasifu enzi, "grand" linasifu ukubwa, na hili letu la leo, kwa asili yake, linasifu mikono iliyofanya.

Msikilizaji, usidhani Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Tunacho, tena tunakitumia kila siku bila kukitazama. Kutoka Kiarabu tulipata "adhimu", chenye ukuu na utukufu. Waislamu wanalijua vizuri, maana Al-Adhim ni miongoni mwa majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Kutoka hapo tukapata "adhama", tukapata "taadhima", lile tunalolisema kwenye hotuba zetu zote: kwa heshima na taadhima. Kisha Kiswahili kikafanya jambo lake chenyewe. Kikachukua "adhimu", kikalipachika ile -isha yetu ya kusababisha, kikapata "adhimisha": fanya kitu kiwe adhimu. Tazama basi: ukuu, na ndani yake kufanya. Ni ujenzi uleule wa Warumi, kwa udongo wetu wenyewe.

Ushahidi uko makanisani. Katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, mna utenzi wa Mariamu ambao Wakristo wa Magharibi huuita Magnificat, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza katika Kilatini. Huimbwa katika masifu ya jioni. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walipofika hapo walichagua kitenzi "adhimisha". Walikuwa na "sifu", walikuwa na "tukuza", wakachukua hilo lenye adhama ndani yake. Kwa hiyo kila tunapotangaza maadhimisho ya Uhuru au maadhimisho ya siku ya wafanyakazi, tunatamka binamu wa "magnificent", nasi hatuna habari.

Turudi nyuma zaidi, kwa Wagiriki, kwa sababu huko ndiko fikra hii ilikofikiriwa kwa kina. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa Aristotle aliandika juu ya maadili. Katika kitabu cha nne cha kazi yake iitwayo Nicomachean Ethics alieleza fadhila moja ambayo baadaye Kilatini kiliita "magnificentia". Ni fadhila ya kujua kutumia mali kwa jambo kubwa, kwa kiasi kinachostahili jambo hilo. Mifano yake ni ya enzi zake: kugharimia ibada, kugharimia merikebu ya vita, kugharimia kikundi cha waimbaji wa tamasha. Yaani unatoa kikubwa, na unachotoa kinakwenda kwa umma.

Kisha Aristotle akaonyesha watu wawili wanaoikosa fadhila hiyo, na hapa, ndugu msikilizaji, utadhani aliishi mtaani kwetu. Wa kwanza ni yule anayezidisha pasipostahili. Mfano wake ni mtu anayewaandalia wenzake wa chama chakula cha kawaida kwa gharama za harusi. Tunamjua huyo. Sisi wenyewe tumechangishwa kadi ya sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, yenye ukumbi, mapambo na msafara wa magari, huku mtoto mwenyewe amelala begani hajui lolote. Wa pili ni yule mbahili, ambaye baada ya kutumia fedha nyingi huja kuiharibu kazi yote kwa kubania kitu kidogo. Huyo naye tunamjua: amejenga nyumba nzuri, vigae juu, madirisha ya aluminiamu, kisha akabania bomba la maji machafu, na sasa kila mgeni anaingia ameziba pua.

Lakini mfano wake ninaoupenda kuliko yote ni mdogo kabisa. Alisema kwamba hata mpira, au kichupa cha mafuta, ukiwa mzuri kuliko mipira yote, ni zawadi adhimu kwa mtoto, ingawa bei yake ni ndogo. Hebu fikiria hilo. Mtu aliyekuwa akizungumzia merikebu za vita anatua kwenye mpira wa mtoto. Nilipolisoma nilimkumbuka mjomba aliyekaa barazani jioni nzima akinifungia mpira wa matambara, soksi kuukuu ndani, kamba za katani nje, kila fundo amelikaza kwa meno. Mpira ule haukugharimu hata senti. Uliruka kama wa dukani, na ulidumu mwaka mzima. Kwa kipimo cha Aristotle, jioni ile mjomba alitenda jambo adhimu, na mwenye ukumbi na msafara wa magari hakutenda.

Warumi na waliowafuata waliendelea na uzi huohuo. Cicero aliiweka "magnificentia" kuwa moja ya sehemu nne za ushujaa. Katika karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas naye akaizungumzia chini ya ushujaa. Kwa nini ushujaa? Kwa sababu kuanza kazi kubwa kunatisha. Unaweka mali, unaweka jina, unaweka miaka ya uhai wako, na hujui kama utafika. Aliyewahi kuanzisha shule kijijini kwa michango anajua ninachosema.

Sasa tuone neno hili lilivyowakalia watu. Huko Firenze, Italia, aliishi Lorenzo de' Medici, aliyezaliwa 1449 akafa 1492. Historia inamwita Lorenzo il Magnifico. Enzi hizo "magnifico" lilikuwa neno la heshima walilopewa wakubwa wengi wa Italia, kama sisi tunavyosema "mheshimiwa". Wengi walikuwa nalo, likabaki kwake, kwa sababu ya washairi, wasomi na wasanii aliowatunza. Alama ya desturi hiyo ipo hadi leo: mkuu wa chuo kikuu huko Uholanzi bado huitwa "rector magnificus".

Mwingine ni Sultani Suleiman wa dola ya Othmaniya, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566. Watu wa Ulaya walimwita Suleiman the Magnificent. Waliona majeshi, mahema, vito na wajumbe waliojipanga mbele ya kiti chake. Watu wake wenyewe wakampa jina jingine: Kanuni, yaani mtunga sheria, kwa kuwa alizipanga sheria za dola. Mtu mmoja, majina mawili. Waliokuwa mbali walimpa jina kwa walichokiona, waliokuwa karibu walimpa jina kwa alichokitenda. Nenda Istanbul utaukuta msikiti wake, Süleymaniye, uliojengwa na msanifu Sinan kati ya 1550 na 1557. Mgeni hutazama kuba. Lakini kuizunguka kuba hiyo palijengwa pia madrasa, hospitali na jiko la kuwalisha maskini. Ukiuliza adhama ya mahali pale iko wapi, mimi nitakuonyesha kuba, kisha nitakupeleka jikoni.

Na kwa sababu tulianza Zanzibar, tuseme hili. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, mwaka 1883. Jina lenyewe linazungumza habari za mtazamaji: anafika, anastaajabu. Sultani huyohuyo alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji hadi mjini. Nyumba ile, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na wengi tulilia. Tulikuwa na haki ya kulia. Ila maji nayo yana haki ya kukumbukwa kwa neno lilelile.

Hapa, msikilizaji, lazima nikiri upande wa pili wa neno hili. Tendo linaweza kuwa kubwa na bado likawa kosa. Tarehe 25 Oktoba 1854, kwenye vita vya Krimea, wapanda farasi wa Uingereza zaidi ya 600 walitumwa kwa amri iliyovurugika kuvamia mizinga ya Warusi pale Balaclava. Wakaenda, mbele ya moto wa mizinga. Jenerali Bosquet wa Ufaransa alipowatazama alisema kwamba jambo lile lilikuwa adhimu, lakini halikuwa vita. Nalipenda neno la jenerali yule kwa sababu ya uaminifu wake. Aliwapa wale wanaume sifa yao yote, kisha akakataa kuiita busara. Kwa hiyo neno hili halikupi ruhusa ya kuacha kufikiri. Ukishasema tendo ni kubwa, bado una swali la pili: lilikuwa la nini?

Neno lenyewe limesafiri mbali na mikono. Chicago, Marekani, ipo sehemu ya barabara ya Michigan Avenue iitwayo Magnificent Mile, jina lililopewa katika miaka ya 1940 na mfanyabiashara wa majengo. Huko sifa imehamia kwenye maduka. Mwaka 1960 ilitoka sinema ya The Magnificent Seven, iliyotokana na Seven Samurai ya Akira Kurosawa ya 1954. Ni habari ya wapiga bastola saba wanaokubali ujira mdogo ili kuwalinda wakulima maskini dhidi ya majambazi, na mwisho wanabaki watatu. Pale neno lilikuwa bado nyumbani kwake. Lakini mwaka 2023 wachambuzi wa soko la hisa walilichukua jina hilohilo wakayapa makampuni saba ya teknolojia, yakiwamo Apple, Microsoft na Nvidia, kwa sababu ya ukubwa wa thamani yake sokoni. Saba wa kwanza walihesabiwa kwa walichokitoa, na hawa saba wa pili wamehesabiwa kwa walichonacho.

Hivyo ndivyo maneno makubwa yanavyochakaa. Kiingereza kilikuwa na "terrific", lililotokana na hofu, na "awesome", lililotokana na kicho. Leo hata chipsi za moto huitwa hivyo. Sisi tunajua mchezo huo. Vijana wetu wakimwona mpiga chenga mzuri wanasema, "Huyu jamaa ni hatari! Ni noma! Ni balaa!" Maneno ya kutisha yamegeuka kuwa ya kusifu. Siwalaumu, lugha iko hai. Ninachoomba ni kwamba tuache maneno machache kabatini, tuyatoe siku yenye jambo.

Sasa, mwanafunzi unayesikiliza, chukua mambo matatu ya matumizi. La kwanza: usiseme "very magnificent". Masikio ya wenye lugha yatakataa, kwa kuwa kipimo cha juu kimeshakaa ndani ya neno. Ni kama sisi tunavyosema nguo ni nyeupe pe. Nani anasema "nyeupe pe sana"? Ukitaka kukoleza, wenyewe husema "absolutely magnificent" au "truly magnificent". La pili: usilichanganye na "munificent", ambalo ni la mtu mkarimu mno, mtoa zawadi, yanafanana sauti, maana ni mbalimbali. La tatu: likitumika kwa mlima, bahari au ndege, lisikukwaze. Mwenye imani atasema mtendaji yupo, na asiye na imani atasema lugha imezoea hivyo. Vyovyote vile ni Kiingereza sahihi.

Na wewe mfasiri, kabla hujaandika "nzuri sana", jiulize kinachosifiwa ni nini. Kama ni hoteli yenye marumaru na mazulia, "ya kifahari" litatosha, maana neno hilo kwetu limeshaelekea kwenye mali. "Tukufu" liangalie kwa makini. Tunalo kwa Qur'ani Tukufu na kwa Mwezi Mtukufu, na Wakenya wanakumbuka enzi ya Rais Moi, kuanzia 1978 hadi 2002, redio zilipokuwa zikisema Mtukufu Rais. Kwa hiyo lina uzito wa imani na wa dola. Lakini kama kinachosifiwa ni kazi ya mtu, jasho lake, subira yake na ujasiri wake wa kuanza, basi "adhimu" lipo linakusubiri. Kazi adhimu. Tendo adhimu. Na kama msikilizaji wako ni mtu wa mtaani ambaye "adhimu" litamkalia kama suti ya kuazima, mwambie tu: ametenda makubwa. Hapo hujapoteza kitu, maana ndivyo hasa Mrumi alivyosema.

Msikilizaji, nilirudi kwenye karakana ile mwaka uliofuata. Mlango ulikuwa umeshakwenda kwa mwenyewe. Fundi alinikaribisha kahawa, nikaketi mkekani, nikamwambia nimekuja kulipa deni. "Yule mgeni wa mwaka jana, mzee wangu, nilimfasiri vibaya. Hakusema mlango mzuri. Alisema umetenda makubwa."

Akanyamaza, akakizungusha kikombe cha kahawa mkononi. Kisha akanyoosha kidevu upande wa kijana wake, ambaye safari hii hakuwa na msasa. Alikuwa na patasi.

"Mwambie huyu," akasema. "Ule mnyororo, kuanzia katikati kwenda chini, mkono wake yeye."

Nikamgeukia kijana, nikamwambia. Akainamisha kichwa, akapuliza vumbi kwenye nakshi yake, akagonga tena mara tatu.

Hapo ndipo tunapoishia kwa leo, msikilizaji wangu. Wiki hii, ukitaka kukisifu kitu, mtafute aliyekifanya umwambie yeye mwenyewe. Nakuaga kwa heshima na taadhima.